Maiti wa Mwisho Hana Matanga

Habari ya kifo chake niliipata kwa muuza vipuri mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, mtu ambaye kwa kawaida hunipigia simu ili anicheke kwa jambo nililoandika kwenye safu hii. Safari hii hakucheka. "Ule mutu wako ya filimu amekufa," akasema, kisha akaongeza, "Apana ya filimu. Ya kweli." Maneno hayo ya mwisho yalihitajika, na punde msomaji ataona kwa nini. Marehemu aliugua sukari kwa miaka, akakatwa mguu, akarudi nyumbani akitania kwamba sasa angeweza kuigiza majeruhi mwenyewe bila kupakwa rangi, na alasiri moja baada ya chakula akajilaza na hakuamka. Walimzika siku iyo hiyo kama ilivyo dini yake. Mimi nilikuwa mtaa wa Kanyosha kwenye kikao cha kanisa, nikafika Buyenzi watu wakishuka kwenye magari kutoka makaburini, viatu vimejaa udongo. Niliumia kwa kutomsindikiza. Nikaumia zaidi niliposoma kwenye simu za vijana kwamba ameondoka "baba wa filamu za kutisha," maana hilo ndilo watakalolikumbuka, na mtu yule alitenda jambo kubwa kuliko kututisha.

Kwa asiyemjua, alikuwa fundi wa video. Baba yake alitengeneza gia za malori katika mojawapo ya gereji za Buyenzi, naye akaona mafuta machafu hayamfai, akajifunza kufungua deki za video, kisha akaanzisha banda la video, kisha akanunua kamera na kupiga picha za harusi. Kutoka harusi akaruka moja kwa moja hadi mauaji. Maisha yake yote alitengeneza filamu moja tu, ya muuaji anayevaa kinyago cha mchomeleaji vyuma na kupita gereji hadi gereji akiwachinja vijana kwa springi ya gari iliyonolewa. Kwenye kasha ilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyelitamka vizuri, mwenyewe akiwemo, kwa hiyo watu waliiita Fundi, basi. Damu ilikuwa nyanya ya kopo iliyochanganywa na mawese, na aliyewahi kudondoshewa mawese kwenye shati anajua kwamba waigizaji wale walirudi kwao na nguo zisizofaa tena hata kwa kupigia deki. Mimi nilihusika kidogo. Aliniita nimwandikie mazungumzo, akiamini kwamba mtu wa gazeti ana Kiswahili kizuri. Nikaandika kwa bidii. Waigizaji wakasoma, wakacheka hadi wakakaa chini, wakasema hakuna mtu anayemkimbia muuaji huku akiongea kama taarifa ya habari. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kutazama tu na kunywa chai yao.

Wazo la filamu hiyo alilipata bandani mwake. Alikuwa akionyesha zile filamu za nje ambamo vijana huenda kupumzika kwenye nyumba ya msituni, na mtu mwenye kisu anawamaliza mmoja mmoja. Watazamaji wake walikuwa mafundi wa gereji, wabeba mizigo, Wakongomani waliovuka mpaka na bidhaa zao, wanafunzi waliotoroka shule. Kila kijana alipouawa kwenye skrini na wenzake wakaendelea kukimbia, kulikuwa na mzee mmoja wa mbele ambaye hakukosa kuuliza kwa sauti, "Na huyu wamemuzika wapi?" Watu walicheka. Kijana wa pili akafa, mzee akauliza tena, "Na mama yake amepata habari?" Siku nyingi zilipita hivyo, hadi ikawa banda zima linauliza pamoja, kama kwaya. Marehemu aliniambia kwamba hapo ndipo alipoona kasoro ya zile filamu. Watu wanakufa ovyo, na hakuna anayekaa matanga. Akaapa kwamba akitengeneza yake, kila atakayeuawa ataliliwa na watu, viti vitapangwa, uji utapikwa, na muuaji atasubiri mpaka watu wamalize. "Mi sitaki mutu afe kwangu kama kuku," alisema. Nikamwambia filamu itakuwa ndefu na muuaji atachoka kusubiri. Akanijibu kwamba kwetu hata muuaji huenda matanga, tena hukaa karibu na sufuria. Nilidhani anatania.

Sasa nieleze kwa nini muuza vipuri alilazimika kunihakikishia kwamba safari hii kifo ni cha kweli. Siku ya kupiga picha za matanga ya kwanza, marehemu alisimamisha turubai mbele ya nyumba ya jirani yake, akapanga viti, akatandika mikeka, akawaomba wanawake wachache wakae mlangoni na vitenge kichwani. Kamera aliiweka dirishani, ng'ambo ya barabara, ili waigizaji wasiikodolee macho. Hapo ndipo alipokosea, au ndipo alipopatia, sijui hadi leo. Katika mji huu mtu akiona turubai na viti asubuhi haulizi nani amekufa. Huingia kwanza, hukaa, habari ataipata akiwa ameketi. Kamera haikuonekana, kwa hiyo watu wakaanza kuingia. Mafundi wakafuta mikono wakaja kusoma Fatiha. Mama mmoja akaleta sukari, mwingine kuni. Habari ikasafiri hadi mtaa wa Mutakura, na kabla ya adhuhuri kwaya ya Wakongomani ikashuka kwenye basi na ngoma yao, kwa sababu "maiti" alikuwa akiwatengenezea redio. Wakaimba vizuri mno. Marehemu, kule dirishani, hakusimamisha kamera. Kijana aliyeigiza kufa alikuwa amefungiwa chumbani na kuambiwa asitoke, lakini njaa haina mwigizaji. Alipotokeza mlangoni kuulizia wali, mwimbaji wa mbele alianguka chini na ngoma yake, na nusu ya waombolezaji wakaruka ukuta.

Shefu wa mtaa, kiongozi wetu wa serikali, alimwita marehemu, na pamoja naye alikuwepo sheikh mzee wa msikiti wa jirani, amekasirika hadi ndevu zinatetemeka. "We unajua umefanya nini?" sheikh alimuuliza. "Umetuombesha dua juu ya mutu muzima!" Marehemu aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shehe, mutu muzima haina lazima ya dua?" Sheikh akasema dua haipotei, lakini sukari ya watu irudishwe, na siku nyingine atangulize tangazo msikitini kwamba ni mchezo. Tangu hapo matanga yote ya filamu ile yalitangazwa kwa kipaza sauti, na watu wakaja vilevile, wengi kuliko mwanzo, wakiwa wanajua kwamba hakuna aliyekufa. Jambo hilo lilinishangaza wakati ule. Walikuja wakakaa, wakanyamaza, wengine wakalia kweli. Mtu mmoja mwenye duka la matairi, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu wala kununa, alilia kwenye matanga ya kila maiti wa filamu ile, na hakuna aliyemuuliza anamlilia nani.

Hapa lazima niseme lile ambalo kila mkaaji wa Bujumbura analijua na hapendi kulitaja. Tuna watu waliotoka nyumbani asubuhi wakati wa krizi, yale mauaji ya miaka ile, na hawakurudi. Tunasema krizi, tu, na kila msikilizaji anaijua ya kwake. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna siku ya kuhesabia arobaini. Aliyekuwa akiwauzia wale wapiga filamu sambusa na chapati alikuwa mama wa namna hiyo. Mwanawe alikwenda kutafuta kazi ya siku upande wa pili wa mji, na hadi leo. Ndugu zake walimsihi mara nyingi akubali matanga, wamwombee kijana, waanue, maisha yaendelee. Alikataa katakata. Kwake yeye, kukaa matanga kulikuwa sawa na kumuua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Alisema, "Mi siwezi kulia mutu hajaniaga." Kwa hiyo hakulia. Alikaanga sambusa miaka yote hiyo, macho makavu, akiacha mlango wa uani bila kufuli, na watu wa mtaa walijifunza kutomtajia habari hiyo.

Siku ya kupiga matanga ya maiti wa mwisho, mwanamke aliyepangwa kuwa mama wa maiti huyo hakufika. Watu wameketi, jua linapanda, kila mtu anamtazama mwenye filamu. Mama wa sambusa alikuwa palepale na beseni lake. Sijui ni nani aliyemwomba. Ninachojua ni kwamba alijifuta unga mikononi, akajifunga kitenge, akaenda kukaa mkekani mahali pa mfiwa, huku akicheka kidogo na kusema atajaribu tu. Wanawake wakaanza kulia kilio cha kuigiza, ambacho masikio hukizoea. Yeye alikaa kimya. Kisha mmoja wao akamshika bega, kama mfiwa ashikwavyo, na nadhani mkono ule ndio uliomvunja. Alitoa sauti ambayo siwezi kuieleza, na ndani ya sauti ile akaita jina. Halikuwa jina la maiti wa filamu. Aliita jina la mwanawe, tena na tena, akimuuliza amekula wapi, amelala wapi, nani alimfunga macho. Waigizaji wakaacha kuigiza. Mwenye duka la matairi akasimama, akavua kofia. Nilimgeukia marehemu, na machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini kidole hakukitoa kwenye kamera. Ilikuwa kazi yake. Mtu wa kamera huishi akingoja kitu kama kile, na wengi hufa hawajakipata.

Kesho yake mama alikuja asubuhi kwenye gereji tulimotengenezea filamu, hana beseni. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, ile ya jana uifute. Nimelia mutoto wangu kwa matanga. Nimemuua. Ikibaki kwa ile mashini yako, kila siku watu watafungua, na kila siku nitamuua." Kijana wa kuunganisha picha, ambaye alikuwa ameitazama kaseti ile alfajiri na kutoka nje akiwa mgonjwa wa huzuni, alimvuta marehemu pembeni na kumsihi. Akamwambia hiyo ndiyo filamu yenyewe, hayo mengine yote ni nyanya na mawese. Akamwambia waseme wamefuta, wafiche nakala moja, mama hatajua. Mimi nilikuwa pale na chai yangu mkononi, nikaona mama na kijana wote wawili wana haki. Marehemu akasema, "Nikificha, mi nitajua. Na nitaiangalia." Akachukua kaseti, akairudisha mwanzo, akaitia kwenye kamera, akaigeuzia kamera ukuta wa gereji. Akavuta viti viwili. "Mama, kaa. Tuimalize pamoja." Walikaa pale wawili, wanautazama ukuta wenye madoa ya oili, na kaseti ikizunguka, ikirekodi ukuta juu ya kilio, mpaka ilipofika mwisho na kujizima yenyewe. Mama akanyanyuka, akamshukuru kama mtu aliyefunguliwa mlango, akaenda kukanda unga wake.

Filamu ikatoka na pengo, kwa kuwa alikataa kuyapiga upya matanga yale. Kila aliyeuawa ana matanga, isipokuwa wa mwisho. Muuaji anainua springi, kijana anaanguka nyuma ya lori, na filamu inakwisha. Watazamaji waliokwisha kuzoeshwa kungoja turubai na uji walibaki wamekaa, wakapiga kelele, "Na huyu? Matanga yake iko wapi?" Wapo waliosema pesa zilimwishia. Wapo walioandika, katika gazeti jingine si hili, kwamba ni ulegevu wa fundi wa harusi aliyejitia kutengeneza sinema. Lakini vijana walikuwa na jibu lao, na jibu hilo ndilo lililoifanya filamu iishi, ikanakiliwa kaseti kwa kaseti, CD kwa CD, mpaka leo imo kwenye simu zao. Wanasema: kama kila maiti wa filamu hii ana matanga, asiye na matanga hajafa. Walibishana juu yake vibandani, wakamtungia safari, wakasema alitambaa chini ya lori akavuka mpaka hadi Uvira, Kongo. Watu walikuja kutoka mbali kumuuliza mwenye filamu, wengine na vinasa sauti na maswali marefu ya Kifaransa, wakitaka aeleze maana ya mwisho ule. Alikuwa akiwaeleza habari za mawese hadi wanachoka. La mwisho hakulieleza kamwe, wala hakujitetea alipoitwa mvivu. Na mimi nilimwona mama wa sambusa, zaidi ya mara moja, amesimama nyuma kabisa ya banda, karibu na pazia la mlango, wakati filamu inakwisha. Alikuwa akija kuwasikia vijana wakipiga kelele, "Huyu iko muzima! Huyu hajafa!" Akishasikia, aliondoka.

Nilimtembelea marehemu mara kwa mara baada ya kukatwa mguu. Kamera ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa kama Kurani. Niliwahi kumuuliza kama anajuta, maana hakupata tena kutengeneza filamu nyingine, na ile moja inajulikana kwa kitu kisichokuwemo. Akasema anaikumbuka ile sura ya mama kila siku, picha kwa picha, na kwamba angekuwa na nakala angekuwa mtu mkubwa. Alilisema hilo waziwazi, kwa uchungu, bila kujifanya mtakatifu. Kisha akasema, "Lakini mama angekuwa ananiona barabarani na kupita upande mwingine." Nayakumbuka maneno hayo kila ninapoona tunavyoishi sasa. Pikipiki ikigongwa na lori, simu zinainuliwa kabla ya mikono. Mtu amelala barabarani na mkewe anaona picha yake kwenye kikundi cha WhatsApp kabla hajapigiwa simu na yeyote. Tunarekodi vilio vya wafiwa, tunavisambaza, tunaweka chini yake alama ya machozi, tukadhani tumelia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku hizi wa mbali huanza, na mfiwa akija anakuta kilio chake kimeshakwisha, kimetazamwa na watu asiowajua. Halafu tunashangaa kwamba hakuna kinachotuogopesha tena.

Siku ya hitima ya marehemu nilikwenda mapema. Vijana wapenzi wa Fundi walikuwa wengi, wengine wamevaa fulana zenye kinyago cha mchomeleaji vyuma, na hilo halikuwapendeza wazee, ingawa hawakuwafukuza. Wanaume tulikaa chini ya turubai, wanawake barazani na mlangoni. Baada ya kisomo, sheikh, ambaye sasa ni mtoto wa yule wa zamani, akauliza kama ilivyo desturi: mwenye wafu wake na awataje, wote waingie katika dua moja. Majina yakaanza kutoka, baba wa huyu, bibi wa yule. Ndipo sauti ya mwanamke mzee ikatoka upande wa mlango. Alikuwa mama wa sambusa, ameshika fremu ya mlango kwa mkono, mgongo umepinda. Alisema, "Ule alinishikia mwanangu ameenda. Mi peke yangu siwezi tena kumushika." Kisha akalitaja jina, taratibu na vizuri, kama mtu anayemtambulisha kijana wake kwa wageni. Kijana mmoja karibu yangu alikuwa ameinua simu. Mjane wa marehemu, aliyekuwa amekaa miguuni mwa yule mama, akamtazama na kumwambia, "Weka chini, mwanangu," bila hasira, na kijana akaiweka. Sheikh akalirudia jina. Mwenye duka la matairi, mzee sasa na fimbo yake, alilia hadi wenziwe wakamshika.

Watu walipokuwa wakitawanyika nilimwendea mama, nikamwomba ruhusa ya kuyaandika haya, maana bila ruhusa yake nisingethubutu. Akanitazama kama anayepima unga. "Andika," akasema. "Wale vijana wajue hakukuwa muvivu. Lakini jina nimelitolea dua, siko nalitolea gazeti." Nimeishi kwa kalamu miaka mingi, na nimeamini siku zote kwamba kazi yetu ni kuhifadhi, kwamba kisichoandikwa kimepotea. Marehemu hakusoma vitabu vingi, wala sidhani kama alinihesabu kuwa mwanafunzi wake. Hata hivyo amenifundisha kwamba tunapewa kusikia mengi kuliko tunayopewa kuweka, na kwamba uungwana wa msimuliaji upo hapo, kwenye kuitambua tofauti wakati kitu kile kitamu kuliko vyote kiko mkononi mwake na hakuna atakayemkamata. Jina la kijana yule nalijua. Nililisikia mkekani siku ile ya filamu, na nikalisikia tena juzi, nikaitikia amina pamoja na wenyewe. Hapa silitaji.